Aliye Karibu Kuliko Wote

Alikuwa na tabia ya kukata simu kabla mtu hajamaliza kushukuru. Mkulima wa Nkoaranga anapiga, anaeleza kwamba ng'ombe wake amepata joto tangu alfajiri, anatajiwa daktari anayekuja, na pale anapoanza kusema asante sana Mama, Mungu akubariki, simu imeshalazwa mezani. "Shukrani haizai ndama," alikuwa akisema, huku akifuta kioo cha simu kwa ncha ya mtandio, kana kwamba mate ya yule mkulima yamemfikia kwa njia ya hewa.

Sitaandika jina lake. Ofisini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Simu, kwa wakulima, kwa wafanyakazi, kwa meneja aliyemwajiri. Nilikaa naye meza kwa meza miaka minne, katika chumba kimoja cha chini kule Kijenge, na ninajua mengi juu yake ambayo hakuniambia mwenyewe. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara sita. Niko hivyo. Mlango wa chumba changu ninaufunga, ninaondoka, ninarudi kuujaribu, ninaondoka tena. Yatakayofuata yanahusu kosa ambalo mtu wa namna hiyo hakupaswa kulifanya.

Kampuni yetu ilikuwa ikipandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya Serikali, na Mama Simu alikuwa kwenye ubao wa simu wa ofisi ya mifugo. Serikali ilipojitoa na watu wakapunguzwa kazini, mfanyabiashara mmoja alinunua mitungi ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za madume, akakusanya wahimilishaji kumi na wanne, watu wa kupandisha ambao wakulima huwaita madaktari, kila mmoja na pikipiki yake na upande wake wa Mlima Meru, kuanzia Oldonyo Sambu mpaka Maji ya Chai. Hawakuwa na mshahara. Kila mmoja alilipwa kwa ng'ombe aliyemhudumia, na kama hakuitwa hakulipwa. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, apandishwe kabla ya giza. Ukichelewa, unangoja siku ishirini na moja. Kwa hiyo kila simu iliyoingia ilibeba swali moja: nani yuko karibu? Kabla sijafika mimi, jibu lilikuwa linatoka kinywani mwa Mama Simu.

Kinywa chenyewe kilikuwa kikali. Mhimilishaji akichelewa, alimuuliza sababu.

"Pancha, Mama."

"Ya tairi au ya kichwa?"

Siku moja mzee wa Sing'isi alipiga kusema ng'ombe wake alilia usiku kucha juzi, na sasa amenyamaza, je, bado anaweza kuletewa daktari? Mama Simu akamuuliza, "Mzee wangu, mkeo akishikwa na uchungu jioni, mkunga unamtafuta keshokutwa?" Yule mzee akasema mkewe alishafariki. "Basi sasa tunajua sababu," alisema Mama Simu, akakata.

Nilicheka. Hilo nalo nimeona niliandike.

Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akauliza kompyuta nilisomea chuo gani. Nikamjibu kwamba nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu nilichonunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba, chenye sura za mwisho zilizonyofolewa. Hata leo sijui kilikuwa kinamalizia na nini.

"Umejifundisha mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kupasua watu unaanza lini?"

Tangu siku hiyo nilikuwa Bi Kompyuta. Alilitamka jina hilo kwa adabu kubwa, na adabu ndiyo ilikuwa kisu chenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumba ya watu wa pwani waliohamia Arusha kabla ya sisi kuzaliwa, kimenyooka, kimepigwa pasi, na mimi nimekua nikisema Kimeru nyumbani. Nikikosea neno alinisahihisha mbele ya wakulima, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kamasi.

Na bado, wakati wa Ramadhani, alikuwa akituletea chakula wote. Wahimilishaji wetu karibu wote walikuwa Walutheri na Wakatoliki, hakuna aliyefunga, lakini kila Ijumaa ya mwezi ule yalikuja mabakuli kumi na manne, na la kumi na tano langu, na la kumi na sita la meneja. Tambi za sukari, kaimati, maharage ya nazi. Aliamka saa tisa usiku kupika, akaja amefunga, akagawa kwa mkono wake asionje. Mhimilishaji ambaye wiki ile alikuwa amemuudhi alipata bakuli kama wenzake, limefunikwa vizuri kwa kitambaa safi. Akifunua, ndani hamna kitu. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Unalifunika tena, unalirudisha, unasema, "Asante, Mama," na yeye anajibu, "Karibu tena." Nimewahi kulipata mara mbili. La pili lilikuwa limeoshwa kwa maji ya waridi.

Hakuwahi kumgusa ng'ombe. Harufu yake ilimtia kichefuchefu, maziwa hakunywa, chai yake ilikuwa ya rangi na karafuu mbili. Lakini alimjua kila ng'ombe wa kila mkulima aliyewahi kupiga: yule wa Mama Ndekirwa aliyetoa mapacha, yule wa mwalimu wa Akheri anayepiga mateke, yule wa pale Sokon I aliyefugwa nyuma ya nyumba ya kupanga na kumeza kamba ya nguo. Aliwataja kama shangazi anavyotaja wakwe. Aliwasema vizuri kuliko alivyotusema sisi.

Na alijua njia. Ninataka nilieleze hili sawasawa, maana ndilo lililoniponza. Meneja alinileta kwa sababu simu zilikuwa zimezidi. Minara ilikuwa inaota kila kilima, kila mkulima alikuwa na simu yake ya mkononi, na Mama Simu alikuwa mmoja. Meneja alitaka kompyuta ichague. Nikazunguka wiki sita nyuma ya pikipiki za wahimilishaji na kifaa cha GPS, nikapima kila kitongoji tunachohudumia na nyumba ya kila mhimilishaji. Kila mahali niliandika nambari mbili: umbali wake kutoka Ikweta na upande wake wa mashariki. Nikaziingiza kwenye hifadhidata. Halafu nikaandika swali ambalo kompyuta ingelijibu kila simu inapoingia. Kwa lugha ya nyumbani lilikuwa hivi: chukua wahimilishaji wote, pima umbali kati ya ng'ombe na nyumba ya kila mmoja, wapange, wa karibu aanze, nipe wa kwanza peke yake.

Mistari mitano. Iliniumiza miezi miwili. Wiki tatu kati ya hiyo nilizitumia kujifunza kanuni inayohesabu mviringo wa dunia, kwa sababu kitabu kilisema mstari ulionyooka haupo duniani. Kwa umbali wa huku kwetu, tofauti kati ya kanuni hiyo na pembetatu ya kidato cha pili ni hatua chache za mtu. Nilijua hivyo. Niliiweka hata hivyo, nisingepata usingizi.

Siku ya majaribio alikuja meneja, akasimama nyuma yangu. Ng'ombe alikuwa juu ya Ng'iresi. Nikabonyeza. Likaja jina.

Mama Simu alilisoma, akauliza, "Huyu ataruka?"

Sikuelewa.

"Nauliza kama ana mabawa, Bi Kompyuta. Kati yake na huyo ng'ombe pana korongo. Kunguru anavuka dakika mbili. Mtu na mtungi mgongoni anashuka mpaka barabara ya Moshi, anaifuata, anapanda tena upande wa pili. Saa nzima, na iwe haijanyesha."

Meneja alicheka. Nilikwenda kulia chooni, nikafungua bomba ili wasinisikie. Mlima wetu uko hivyo: mito imeuchana kuanzia juu hadi chini kama vidole, barabara zinapanda kwenye migongo, na mtu unayemwona ng'ambo akianua nguo anaweza kuwa mbali nawe kuliko aliye mjini. Mimi nimezaliwa kwenye mgongo mmojawapo. Nilijua makorongo kwa miguu, lakini sikuwaza kwamba kompyuta haiyajui.

Nikarudi na karatasi. "Mama, naomba unitajie makorongo yote."

Aligeukia dirishani. Simu ikalia, hakuipokea, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha akaanza. Alinitajia siku nne. Korongo gani linavukika kwa pikipiki na lipi kwa mguu tu, daraja lipi la magogo huondoka na mvua ya Aprili, njia ipi hupita shambani kwa mtu anayefungulia mbwa. Nilipokosea alinirudisha. "Andika vizuri," alisema siku ya mwisho, "hiki ndicho kiinua mgongo changu cha pili." Alijua alichokuwa akinipa. Mimi nilikuwa ninahangaikia nafasi kati ya safu na safu.

Baada ya hapo swali langu lilifanya kazi. Lilifanya kazi vizuri mno. Meneja alimwambia Mama Simu kwamba sasa hana haja ya kujichosha na kuchagua. Asome jina lililo kwenye kioo, ampigie mwenye jina. Kiti chake chenye mikono kikaletwa upande wangu, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa muda mrefu. Nilikikalia. Kilikuwa bado kina mto wake, na mto una harufu ya udi.

Hakulalamika. Alianza kutii. Sijawahi kuona utii wa kutisha kama ule. Alisoma majina ya kioo kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, na mkulima akiuliza kwa nini leo si fulani, alijibu, "Mimi nasoma tu."

Sasa Zakayo.

Zakayo alikuwa mhimilishaji wa Maji ya Chai, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kucha safi kuliko za wote. Alikuwa akiweka mrija kinywani upate joto la mwili kabla hajautumia siku za baridi, na wenzake walimcheka, lakini ng'ombe wake walishika mimba. Alikuwa anajenga. Mfumo wangu ulipoanza, simu zake zilikoma. Hazikupungua, zilikoma.

Wiki ya kwanza Mama Simu aliniuliza bila kuinua kichwa, "Zakayo wa Maji ya Chai mbona hatokei kwenye mashine yako?"

Hapo ndipo ningeweza kufungua orodha nikaangalia. Ingechukua muda wa kupuliza chai. Badala yake nilimjibu, "Mashine haina upendeleo, Mama. Haina mtu wa kumpelekea bakuli tupu."

Nilikuwa nimelitunga jibu hilo muda mrefu, nikingoja pa kulitumia. Alilipokea kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea chenji. Hakuniuliza tena.

Miezi saba hakuniuliza.

Zakayo alikuja ofisini mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wasiwasi kwamba simu yake ina hitilafu. Mama Simu akaipiga, ikalia mfukoni mwake. "Simu nzima," alisema. "Labda mwenye mashine." Akanionyesha kwa kidevu.

Mara ya pili alikuja na kofia mkononi.

"Dada, samahani. Jana umemtuma mtu wa Usa River kwa jirani yangu. Tumetenganishwa na migomba tu. Amepita getini kwangu, amenipigia na honi."

"Mfumo unamchagua aliye karibu," nikamwambia.

"Karibu na nani?"

"Na ng'ombe."

"Mimi huyo ng'ombe nimemsikia akilia nikiwa kitandani."

Nikamgeuzia kioo aone. Niliuliza swali langu mbele yake, likatoka jina la yule wa Usa River. Nikauliza mara ya pili, likatoka lile lile. Niliona fahari. Swali langu lilikuwa linampa mtu wa kwanza peke yake. Wengine kumi na watatu walikuwa nyuma ya pazia, wamepangwa, na sikuwahi kuwaangalia. Zakayo alikitazama kile kioo kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha ya kigeni. Akasema, "Sawa, dada." Mama Simu alikuwa anakoroga chai. Kijiko kiligonga kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Kijijini walishapata maelezo yao. Mtu wa mbegu asipoitwa, na mwenzake akatolewa mbali kupita getini kwake, maana yake ni moja: mkono wake haushiki tena. Ng'ombe waliowahi kuharibu mimba miaka ya nyuma wakakumbukwa wote, wakawekwa kwenye jina lake. Wanawake wakamuuliza mkewe bombani, mbele ya watu, kama na nyumbani mkono umepoa. Haya alinisimulia Mama Simu mwenyewe. Wakulima walikuwa wanamwambia kwenye simu, na yeye aliyaleta mezani kwangu kila asubuhi, moja moja, kama habari za kawaida za mjini, akimalizia, "Watu wana midomo." Nilikuwa ninajibu, "Kweli, Mama," na kuendelea kupanga safu zangu.

Mara ya tatu alikuja kurudisha mtungi. Meneja alikuwa amemwandikia barua: miezi saba hajahudumia ng'ombe hata mmoja, na mtungi unahitajika kwa mtu mwenye bidii. Aliuweka sakafuni, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaamkia, "Shikamoo, Mama." Mama Simu akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nilishangaa, maana hakuwahi kumwita yeyote pale mwanangu. Mimi alinipa mkono. Ulikuwa wa vuguvugu.

Kosa nililiona wiki iliyofuata. Meneja alitaka orodha ya wote, si wa kwanza tu, na umbali wa kila mmoja, ili ajue wengine wa kuwaacha. Nikaondoa ule mstari wa mwisho wa swali. Pazia likafunguka. Kumi na watatu walikuwa ndani ya kilomita sitini. Wa kumi na nne alikuwa zaidi ya kilomita mia saba.

Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Kifaa cha GPS huandika herufi kuonyesha hivyo, lakini hifadhidata haijui herufi; inataka alama ya kutoa mbele ya nambari. Niliiweka kwa wahimilishaji kumi na watatu na kwa vitongoji vyote. Kwa Zakayo sikuiweka. Kistari kimoja. Mtu wa Ulaya asingeweza kulifanya kosa hilo, huko kwao nambari haihitaji kitu mbele. Kompyuta ilimchukua Zakayo na nyumba yake isiyoezekwa ikampeleka upande wa pili wa Ikweta, umbali ule ule, na kumwacha huko. Haikupiga kelele, kwa sababu kwa kompyuta hapakuwa na kosa. Palikuwa na mhimilishaji anayeishi mbali. Wiki tatu nilihesabu mviringo wa dunia, na mtu mmoja nikamweka nusu dunia isiyo yake.

Nitasema nilichofanya kwa mpangilio wake. Niliweka kile kistari. Nikauliza swali tena kwa ng'ombe wa jirani yake, likaja jina la Zakayo, la kwanza. Nililitazama. Nikakumbuka kwamba ameshaondolewa kazini, kwamba meneja ataiomba orodha, ataliona jina, atauliza. Nikafuta mstari wake wote.

Mama Simu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini.

"Umemrudisha nyumbani," alisema, "halafu ukamzika."

Akaenda kupokea simu.

Hakumwambia meneja. Nilingoja siku, wiki, mwezi, nikigeuka kila mlango ulipofunguliwa. Nilikuja kuelewa kwamba hatasema kamwe, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Alijua tangu ile wiki ya kwanza kwamba Zakayo amepotea ndani ya mashine. Hakujua kwa nini, lakini alijua mtu hawezi kuwa mbali na nyumba yake mwenyewe. Angeweza kuinua simu siku yoyote akamtuma, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Alisoma jina la kwenye kioo. Alimwacha Zakayo aungue polepole ili moshi unifikie mimi. Na mimi nilimpa kuni.

Ramadhani iliyofuata bakuli langu lilikuwa limejaa. Sikuweza kulila.

Niliacha kazi mwaka ule. Nilipata nyingine, nzuri zaidi. Sasa mambo ya aliye karibu yako kwenye kila simu, na mimi ni mmoja wa wanaoyaandika. Ninapewa sifa ya uangalifu. Ninaangalia kila kistari mara nne.

Miaka ilipita, hatukusalimiana. Halafu Alhamisi moja alinipigia. "Njoo," alisema, akakata.

Anakaa nyumba ya familia, mtaa wa zamani nyuma ya soko. Sukari imemla mguu mmoja hadi chini ya goti. Nilimkuta kwenye mkeka, mgongo ukutani, kisiki kimefunikwa khanga. Nilikuwa nimebeba machungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Machungwa ya mgonjwa wa sukari. Bado unajifundisha mwenyewe."

Nikakaa. Nilidhani ameniita tusameheane. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nilikuwa na maneno. Hakunipa nafasi.

"Mimi yangu nimeshamwambia," alisema. "Nilikwenda mwenyewe, wakati nina miguu miwili. Nilimwambia: mwanangu, nilikuona unazama, na kamba nilikuwa nayo. Nilitaka yule binti aje kwangu aombe. Hakuja, nikakuacha."

"Alisema nini?"

"Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza mashine ilimweka wapi. Nikamwambia sijui, mwenye kujua ni mmoja." Alikuwa tayari ameshabonyeza simu. Ikaita. Akaweka sauti kubwa, akainyoosha kwangu kama mtu anayemwekea mtoto dawa mbele ya mdomo.

"Shikamoo, Mama," ilisema sauti ya Zakayo. Nyuma yake mabasi yalikuwa yanapita na mtu ananadi nyanya. "Leo ng'ombe wa nani?"

Ulikuwa utani wao. Mama Simu hakucheka. Akanitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Yule wa kompyuta."

Basi lilipita. Lingine likapita.

"Dada," alisema. "Habari za siku."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilirudia, nilieleza Ikweta, nilieleza kistari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo nilikuwa wapi?"

"Kaskazini mwa Kenya. Mashariki ya Ziwa Turkana, karibu na Ethiopia. Ni jangwa."

"Kuna watu?"

"Wachache."

"Wanafuga nini?"

Mama Simu akajibu kutoka ukutani, "Ngamia, mwanangu."

Zakayo alicheka. Kicheko kifupi, kikaisha katikati. "Miezi saba," alisema. Halafu, "Dada, nina ombi. Huku mpaka leo wanasema mkono haushiki. Mtoto wangu wanamwambia shuleni. Mimi nikisema ilikuwa kompyuta, wanacheka, nani hana cha kusingizia. Jumapili njoo kanisani kwetu. Baada ya ibada watu wanakuwa nje kwenye mnada wa sadaka, mayai, kuku, ndizi, wote wapo. Simama uwaambie wewe. Maneno mawili tu. Uliiandika wewe, watakuamini."

"Nitakuja," nikasema.

"Ibada ya kwanza. Mnada unaanza saa nne."

"Nitakuja, kaka."

"Asante sana, dada. Mungu aku—"

Mama Simu akakata. Akaiweka simu kwenye mkeka, akavuta khanga juu ya kisiki.

"Hutakwenda," alisema. Hapakuwa na hasira ndani yake, wala dharau. Alisema kama mtu anayemtazamia mwenzake saa.

"Nimeahidi, Mama."

"Nimesikia."

Nilimmenyea chungwa, nikakumbuka, nikalila mimi.

Jumapili niliamka mapema. Nilivaa gauni la kijivu na viatu vya kufunga, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kule kuna tope. Nilikuwa nimeyaandika yale maneno mawili kwenye karatasi, na nilipoyasoma niliona hayajakaa sawa, nikaketi ukingoni mwa kitanda kuyarekebisha. Saa nne ikafika. Mnada wa sadaka huchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi kama kuku ni wengi, kwa hiyo bado kulikuwa na muda. Saa saba mchana nilivua viatu.